Asili ya Kiromani na Lahaja Zake

Sisi tunaofundisha Kiswahili twajua jinsi swali la asili ya lugha linavyoweza kuzua mabishano. Wengi wetu tumepata kuulizwa na wanafunzi kama Kiswahili si Kiarabu kilichochanganywa na maneno ya huku na huku, na imetubidi kueleza tofauti iliyopo kati ya maneno ambayo lugha huyaazima njiani na muundo ambao lugha huzaliwa nao. Katika makala haya twataka kuitazama lugha nyingine, ya mbali na kwetu, ambayo nayo ilizushiwa asili isiyo yake kwa muda wa karne kadhaa. Lugha hiyo ni Kiromani, lugha ya Waroma wa Ulaya.

Tuanze kwa kuondoa utata wa jina. Waroma si Warumi wa kale, wala jina lao halikutokana na mji wa Roma au nchi ya Romania. Katika lugha yao neno *rom* lina maana ya mwanamume au mume, na *romni* ni mke. Lugha yenyewe huiita *romani chhib*, yaani lugha ya Kiroma; na neno hilo *chhib*, kama ilivyo katika lugha nyingi za dunia, ni jina la ulimi pia. Inakadiriwa kuwa wasemaji wake katika Ulaya ni zaidi ya milioni 3.5, wengi wao wakiwa katika nchi za mashariki na kusini-mashariki ya bara hilo.

Waroma hawakuandika tarehe yao. Hawakuwa na wafalme walioweka kumbukumbu, wala mahekalu yenye maandishi, wala vitabu vya nasaba. Yaliyoandikwa juu yao yaliandikwa na wenyeji wa nchi walizopitia, na wenyeji hao aghalabu walikuwa makarani wa miji, makasisi na mahakimu waliowatazama kwa wasiwasi. Mnamo mwaka 1417 walionekana katika miji ya Ujerumani, na mwaka 1427 kundi moja likafika Paris. Baadhi ya makundi hayo yalijitambulisha kuwa yametoka Misri Ndogo, na watu wa Ulaya wakalishika neno hilo. Ndiyo sababu Waingereza wakawaita kwa jina lililotoka katika neno Misri, na Wahispania wakafanya vivyo hivyo. Watu wengine wa Ulaya walichukua jina la Kiyunani, *Atsinganoi*, ambalo ndilo lililozaa jina la Kijerumani na la Kifaransa.

Kosa hilo la Misri lilidumu. Mwaka 1547, Mwingereza mmoja aliyeitwa Andrew Boorde alichapisha kitabu cha kueleza mataifa mbalimbali na lugha zao, na katika sura ya Misri akatia sentensi chache alizoziita Kimisri. Leo twajua kwamba sentensi hizo ni Kiromani, na ni miongoni mwa maandishi ya kwanza kabisa ya lugha hiyo. Boorde aliyaandika aliyoyasikia, ila aliyabandika jina lisilo lake, na kwa zaidi ya miaka mia mbili hakuna aliyemsahihisha.

Ukweli ulidhihirika katika mji wa Halle, Ujerumani. Huko Johann Rüdiger alimwomba mwanamke mmoja Mroma amtafsirie sentensi kwa lugha yake, kisha akazilinganisha na sarufi ya Kihindustani iliyokuwa imekwisha kuchapishwa. Matokeo yake aliyatangaza mwaka 1782, akionyesha kwamba lugha hizo mbili ni ndugu. Mwaka uliofuata Heinrich Grellmann alitoa kitabu kilichosomwa sana na kueneza habari hiyo Ulaya nzima, na mwaka 1785 William Marsden naye akafikia matokeo kama hayo nchini Uingereza. Katika karne iliyofuata wakaja mabingwa wakubwa zaidi: August Friedrich Pott, ambaye alichapisha juzuu mbili mwaka 1844 na 1845, na Franz Miklosich wa Vienna, aliyeandika juu ya lahaja na safari za Waroma kuanzia mwaka 1872.

Yafaa sasa tuutazame ushahidi wenyewe. Katika mifano yetu herufi *ph*, *th* na *kh* zitasimama mahali pa *p*, *t* na *k* zitamkwazo kwa pumzi, na *x* itasimama mahali pa sauti inayosikika mwanzoni mwa neno *kheri*. Walimu waliokulia pwani hawatapata taabu kuielewa hiyo pumzi, kwani wao hutofautisha paa la nyumba na paa mnyama kwa njia iyo hiyo.

Maji kwa Kiromani ni *pani*, na kwa Kihindi ni *pani*. Sikio ni *kan* katika lugha zote mbili. Pua ni *nakh*, Kihindi *nak*. Jino ni *dand*, Kihindi *dant*. Cheusi ni *kalo*, Kihindi *kala*. Kikubwa ni *baro*, Kihindi *bara*. Haya si maneno ya sokoni ambayo msafiri huyaokota. Ni majina ya viungo vya mwili na ya mambo ambayo mtoto hujifunza kwa mama yake.

Lakini mfanano wa maneno peke yake haumtoshi mwanazuoni. Anataka kuona tofauti zinazofuata kanuni. Nyumba kwa Kihindi ni *ghar*, na kwa Kiromani ni *kher*. Moshi kwa Kihindi ni *dhuan*, kwa Kiromani *thuv*. Ndugu mwanamume katika Kisanskriti ni *bhratr*, katika Kiromani *phral*. Hapa twaona kwamba penye *gh*, *dh* na *bh* za Kihindi cha kale, Kiromani kimeweka *kh*, *th* na *ph*. Badiliko likijirudia kwa utaratibu namna hii, haliwezi kuwa bahati nasibu.

Ushahidi mwingine ni wa sarufi. Kisanskriti kilikuwa na jinsi tatu za nomino, lakini lugha za India za baadaye, Kihindi kikiwa mojawapo, zikabakiwa na mbili tu, na baadhi ya maneno yakahama upande. Moto ulikuwa *agni* katika Kisanskriti, nao ulihesabiwa kuwa wa kiume. Katika Kihindi umekuwa *ag*, nao ni wa kike. Katika Kiromani ni *yag*, nao pia ni wa kike. Kama Waroma wangalitoka India zamani sana, kabla ya mabadiliko hayo, lugha yao isingaliyashiriki. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi huona kwamba wahenga wa Waroma walikuwa bado India mpaka karibu na mwaka 1000 baada ya Kristo.

Walikuwa sehemu gani ya India? Mwaka 1926 Ralph Turner alilijibu swali hili kwa makini. Alionyesha kwamba mabadiliko ya kale kabisa ya Kiromani yanafanana na yale ya lugha za India ya kati. Walakini Kiromani kimehifadhi mikusanyo ya konsonanti ambayo lugha hizo zimeipoteza, na ambayo lugha za kaskazini-magharibi zimeitunza. Mkono ulikuwa *hasta*. Kihindi chasema *hath*, Kiromani *vast*. Tatu kwa Kihindi ni *tin*, kwa Kiromani *trin*. Turner akahitimisha kwamba watu hao walianzia sehemu za kati, wakahamia kaskazini-magharibi mapema, wakakaa huko kwa muda mrefu kabla ya kuondoka.

Baada ya kutoka India, maneno ya kuazima yanatuonyesha njia waliyopita kama nyayo katika mchanga. Kutoka Kiajemi walichukua *zor*, nguvu, na *baxt*, ambalo ni neno la mafanikio na riziki njema. Msomaji atalitambua mara moja, kwani ndilo neno letu *bahati*, lililotufikia sisi kwa mkono wa Waarabu. Hivyo neno moja la Kiajemi lilisafiri magharibi pamoja na Waroma, na likasafiri kusini pamoja na majahazi.

Kutoka Kiarmenia walipata *grast*, farasi, na *bov*, tanuri. Kisha wakaingia katika milki ya Wabizanti, na hapo Kiyunani kikawaathiri kuliko lugha nyingine yoyote ya safarini. *Drom* ni njia, *foros* ni mji, *luludi* ni ua, *petalo* ni kiatu cha chuma cha farasi, *karfin* ni msumari, *amoni* ni fuawe. Maneno ya ufuaji wa vyuma yakiwa mengi namna hii, twaweza kuona kazi waliyokuwa wakiifanya huko. Ama maneno yaliyotoka moja kwa moja katika Kiarabu ni haba mno, na jambo hilo ladokeza kwamba hawakukaa kwa muda mrefu katika nchi za Waarabu.

Mfano unaotugusa zaidi sisi ni wa hesabu. Mroma huhesabu hivi: *yekh*, *dui*, *trin*, *shtar*, *panj*, *shov*, *efta*, *oxto*, *enya*, *desh*. Kuanzia moja hadi sita, na tena kumi, ni maneno ya asili. Lakini saba, nane na tisa ni Kiyunani kitupu. Ishirini ni *bish*, la asili. Thelathini ni *trianda*, la Kiyunani. Na sisi je? Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni Kibantu. Sita, saba na tisa ni Kiarabu, na vivyo hivyo ishirini na thelathini. Mtu akisema kwamba Kiromani ni tawi la Kiyunani kwa ajili ya *efta* na *oxto*, atakuwa amekosea sawasawa na yule anayesema kwamba Kiswahili ni Kiarabu kwa ajili ya sita na saba.

Muundo wa Kiromani umebaki wa Kihindi katika mizizi yake, ingawa Kiyunani kilikiachia hata kibainishi, yaani kile kineno *o* au *i* kinachotangulia nomino inayojulikana, kitu ambacho Kihindi hakina. Jambo moja katika sarufi hiyo litamfurahisha mwalimu wa Kiswahili. Katika Kiromani, umiliki hupatana na kile kinachomilikiwa. *Romesko kher* ni nyumba ya mume. *Romeski chhuri* ni kisu cha mume. *Romeske khera* ni nyumba za mume. Wanafunzi waliozoea Kiingereza husumbuka sana na *ya*, *cha* na *za* zetu. Mtoto wa Kiroma asingeona ajabu.

Kuna pia jamii mbili zenye majina yanayofanana na la Waroma: Wadom wa Mashariki ya Kati na Walom wa Armenia. John Sampson, aliyechapisha sarufi kubwa ya Kiromani cha Wales mwaka 1926, aliamini kwamba makundi yote matatu yalitoka India kama kundi moja na kutengana Uajemi. Wengi wa wataalamu waliofuata hawakukubaliana naye. Wameona kwamba tofauti kati ya Kiromani na lugha ya Wadom ni kubwa mno, na kwamba yaelekea makundi hayo yalisafiri mbalimbali. Sampson mwenyewe alikuwa ameonyesha kwamba dada kwa Waroma ni *phen*, na kwa Wadom ni *ben*.

Sasa tuje kwenye lahaja. Lahaja za Kiswahili twaweza kuzipanga juu ya ramani tukiifuata pwani: Kiamu kaskazini, kisha Kimvita, kisha Kiunguja, na kadhalika. Kiromani hakipangiki kirahisi hivyo. Katika mji mmoja waweza kukuta familia mbili za Kiroma, majirani wa mtaa mmoja, zinazosema lahaja mbalimbali, kwa kuwa babu zao walifika hapo kwa njia mbili na katika nyakati mbili. Miklosich alizihesabu lahaja za Ulaya kuwa 13, akizipanga kwa lugha ambazo kila kundi lilikuwa limeishi nazo. Siku hizi wataalamu wengi huzigawa katika mafungu makubwa manne.

Fungu la kwanza ni la Balkani, la wale waliobaki karibu na mahali pa mwanzo pa kuingilia Ulaya, na lahaja zao nyingi zimejaa maneno ya Kituruki. Fungu la pili huitwa Vlax, nalo lilikomaa katika nchi za Wallachia na Moldavia, ambazo leo ni sehemu ya Romania na Moldova. Huko Waroma walikuwa watumwa. Hati ya mwaka 1385 yataja kaya 40 za Waroma zilizokuwa mali ya nyumba ya watawa ya Tismana, na utumwa huo haukukomeshwa kabisa mpaka mwaka 1855 na 1856. Katika nusu ya pili ya karne ile, makundi ya fungu hili yalitawanyika Ulaya nzima na kuvuka bahari hadi Amerika. Majina yao yanataja kazi zao: Kalderash ni wafua masufuria, na Lovari ni wafanyabiashara ya farasi. Fungu la tatu ni la kati, katika Slovakia, Hungaria na sehemu za jirani. La nne ni la kaskazini, lenye Wasinti wa Ujerumani, Wamanush wa Ufaransa, Wakaale wa Finland, na Waroma wa Poland, wa nchi za Baltiki na wa kaskazini ya Urusi.

Tofauti zenyewe ni za namna tunayoijua. Mkalderash husema *sim*, "mimi ni". Wengine husema *som*. Msinti husema *hom*. Binti wa Kiroma ni *chhai* kwa wengi, na *chhei* kwa watu wa fungu la Vlax. "Nilifanya" ni *kerdom* kwa hao, na *kerdem* kwa hawa. Hata hivyo, kinachowatenga wasemaji mara nyingi si sarufi bali ni maneno ya kisasa, kwa kuwa mmoja ameyatoa katika Kijerumani, mwingine katika Kiromania, na wa tatu katika Kituruki.

Mahali pengine lugha ilivunjika kabisa. Huko Hispania na Uingereza wajukuu wa Waroma walipoteza sarufi ya wahenga wao wakabakiwa na msamiati, ambao huutia ndani ya sentensi za Kihispania au za Kiingereza. Jambo hili lisitushangaze, kwani katika milima ya Usambara, Tanzania, wapo Wambugu ambao wana usemi wenye sarufi ya Kibantu na maneno mengi ya Kikushi. Lugha inaposhikwa na watu wachache waliozungukwa na wengi, hufanya kila liwezekanalo ili isizame.

Na Kiromani kilisukumwa kizame. Mwaka 1633 mfalme Philip wa Nne wa Hispania alipiga marufuku jina la Waroma na lugha yao pamoja. Mwaka 1783, mwaka ule ule ambao kitabu cha Grellmann kilikuwa kikieneza habari za asili yao, Kaisari Joseph wa Pili aliwakataza Waroma wa milki yake wasiseme lugha yao. Makatazo hayo yalifuatwa na jambo baya zaidi katika karne ya ishirini. Kuanzia mwaka 1936, daktari Robert Ritter aliongoza ofisi ya utafiti mjini Berlin iliyowapima Waroma na Wasinti na kuandika nasaba zao. Msaidizi wake, Eva Justin, alikuwa amejifunza Kiromani, na kwa ulimi huo aliaminiwa na watu akapewa majina ya jamaa zao. Orodha zao zikatumika kuwapeleka watu makambini. Usiku wa 2 Agosti 1944, watu zaidi ya 4,000 wa kambi ya Waroma huko Auschwitz waliuawa, na jumla ya waliouawa katika vita ile hukadiriwa kuwa kati ya 200,000 na 500,000. Ritter na Justin hawakuhukumiwa na mahakama yoyote. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikiri rasmi mwaka 1982 kwamba yale yalikuwa mauaji ya kimbari.

Kwa sababu hiyo Wasinti wengi hata leo hawataki lugha yao ifundishwe kwa wageni wala iandikwe vitabuni. Sisi ambao kazi yetu ni kumfundisha lugha kila anayekuja, na kufurahi mgeni anapojua kuamkia, twapaswa kulitafakari jambo hili. Kwao, mgeni aliyejua lugha alileta msiba, na mlango wakaufunga.

Waroma wengine wamechagua njia ya kuandika. Katika Urusi ya Kisovieti vitabu na shule za Kiromani vilianzishwa katika miaka ya 1920, vikafungwa mwaka 1938, ingawa jumba la maigizo la Romen lililofunguliwa Moscow mwaka 1931 halikufa. Tarehe 8 Aprili 1971 wajumbe kutoka nchi kadhaa walikutana karibu na London katika mkutano wao wa kwanza wa dunia, na mwaka 1990, katika mkutano wa nne huko Poland, wakapitisha alfabeti ya pamoja. Wengi, hata hivyo, wameendelea kuandika kila mtu kwa lahaja yake. Tukumbuke kwamba Kiswahili sanifu kilipatikana kwa kuichukua lahaja moja, ya Unguja, na kuipa kamati kazi ya kuisimamia kuanzia mwaka 1930, kukiwa na serikali, shule na wapiga chapa nyuma yake; na hata hivyo washairi wa Mombasa na Lamu walilalamika. Waroma hawana serikali, na hakuna lahaja yao ambayo imekubaliwa kuwa kubwa kuliko nyingine.

Shirika la UNESCO liliitambua mwaka 2015 siku ya 5 Novemba kuwa siku ya lugha ya Kiromani duniani, na mwaka 2021 likaitangaza 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili. Lugha yetu iliifikia siku yake ikiwa na mamilioni ya wasemaji wapya na vyuo vikuu vinavyoifundisha. Kiromani kilifika kwa miguu, baada ya miaka elfu moja ya safari, bila kitabu wala bendera kwa sehemu kubwa ya njia, kikitoka kinywa cha mama kwenda sikio la mtoto. Mwanafunzi atakapotuuliza tena juu ya asili ya Kiswahili, tumwambie habari za *efta* na *oxto*, kisha tumwachie ahesabu mwenyewe kutoka moja hadi kumi, atafute ni yapi tuliyozaliwa nayo na ni yapi tuliyoyaokota njiani.